Mwacheni mchongaji aamue anachochonga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wa makala mliyoitoa majuzi, aliyetuhimiza sisi wasanii tuache kuwachongea watalii twiga na badala yake tutumie vipaji vyetu kuelimisha jamii. Sina ugomvi na nia yake. Nimeisoma makala yote na nimeona anaumizwa na yanayotuumiza sote: rushwa, wanawake kupigwa majumbani, vijana kumaliza shule na kukaa vibarazani. Lakini kuna jambo amelipita, nalo ndilo limenifanya nishike kalamu. Amezungumzia ujumbe wa sanaa tu. Hakuuliza hata mara moja huyo anayeifanya sanaa anafanya kazi katika hali gani, nani anamwamuru, na analipwa kwa kipimo kipi.

Mimi ni mchonga vinyago hapa Mwenge, Dar es Salaam. Nilizaliwa mwaka 1959 katika kambi ya shamba moja la mkonge wilayani Muheza. Baba yangu alikuwa Mmakonde wa Mueda, ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno. Alivuka mto akiwa kijana kama walivyovuka maelfu ya wenzake, akikimbia kodi, kazi ya shuruti, na pamba ambayo mtu alilazimishwa kuilima kisha akaiuza kwa bei aliyopangiwa. Huku walikofikia waliitwa Wamawia, na wenyeji wengi waliwaogopa kwa chale za usoni na meno yaliyochongwa. Mwenye shamba hakuwaogopa. Alitaka mikono.

Vijana wa leo hawaijui kazi ya kipande, kwa hiyo naieleza kidogo. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi ya siku thelathini. Alipangiwa idadi ya mafungu ya majani ya mkonge ya kukata, na akiyamaliza siku yake inatiwa alama. Asipoyamaliza, kwa homa au kwa mvua, siku ile haihesabiwi, na jasho alilokwisha kulitoa limepotea. Mshahara ulikuja siku thelathini zilipotimia, hata kama kuzitimiza kumekula mwezi na nusu. Baba aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi na sikumbuki akiizungumzia kwa zaidi ya maneno mawili matatu. Kuhusu kinyago angeweza kuzungumza hadi jogoo awike.

Alichonga jioni, nyuma ya kambi, kwa tezo, patasi na nyundo ya mti. Mpingo ni mgumu kuliko wageni wanavyodhani. Sehemu yake ya nje ni nyeupe, unaitoa kwa shoka mpaka uufikie moyo mweusi, na hapo ndipo unajua umepata nini. Moyo unaweza kuwa umepinda, una ufa, una shimo ndani. Mchongaji wa Kimakonde hachori kwanza kwenye karatasi. Anakaa na gogo, analigeuza, anatafuta mtu amelala upande gani. Ufa ukitokea pale ulipotaka pawe bega, bega linahama, na bega likihama jambo zima ulilokusudia kulisema linahama nalo. Mara nyingi baba aliweka tezo chini katikati ya kazi, akawasha sigara, akatazama tu. Mama alidhani amechoka. Kumbe alikuwa anaamua. Shambani, tangu alfajiri mpaka saa nane, hakuna aliyekuwa amemwomba aamue chochote.

Kuna kinyago chake kimoja kilichokaa nyumbani kwetu hadi nilipoanza shule. Alikichonga kabla sijazaliwa, na habari zake nilisimuliwa na mama. Ni mtu mfupi, masikio yake yamefika mabegani, mdomo wazi, macho hana kabisa, naye amekaa juu ya mgongo wa mtu aliyeinama. Pale kambini hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Nyapara wao alijulikana kwa kusikia kila neno na kutomwona mgonjwa hata mmoja. Mama alisema wanaume walikuja usiku mmoja mmoja wakakitazama, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na cheko lilipokwisha wakaanza kuhesabiana siku ambazo hazikutiwa alama kwenye vipande vyao.

Ilikuwa ni miaka ileile ya migomo ya mkonge, 1957 na 1958, ambapo mgomo wa Mazinde ulisimuliwa Tanga nzima. Baba hakuwahi kudai kwamba kinyago chake kilimgomesha mtu. Watu waligoma kwa sababu ya njaa, kwa sababu ya chama cha wafanyakazi, na kwa sababu walikuwapo waliothubutu kutangulia mbele. Ila alisema, nami nimelishika, kwamba mtu aliyemcheka usiku nyapara wa mti, asubuhi hamwogopi sana nyapara mwenye pumzi. Wahenga walikwisha sema kuwa kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mwandishi wako anataka sanaa iielimishe jamii, lakini wale wanaume hawakuelimishwa jambo lolote jipya. Waliyajua yote. Kilichowapungukia ni ujasiri wa kuyajua wakiwa pamoja, na kinyago kile kiliwapa mahali pa kukutania.

Tena hakuna aliyekiagiza. Hilo naomba lisipitwe haraka.

Tarehe 16 Juni 1960 ndugu za baba walikusanyika Mueda mbele ya wakuu wa Kireno kudai haki zao, wakapigwa risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Kwetu nyumbani idadi haikutajwa, yalitajwa majina. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Juni 1962, FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ikaundwa hapa hapa Dar es Salaam, na Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza. Katika maeneo yaliyokombolewa huko Cabo Delgado wachongaji walijiunga katika vyama vya ushirika, vinyago vikavushwa Ruvuma, vikauzwa, na fedha zikasaidia mapambano mpaka uhuru wa mwaka 1975. Hata kabla ya bunduki ya kwanza, kwenye mapiko, ngoma yao ya kuvaa barakoa za mti, Wamakonde walikwisha kuchonga sura za Mreno na za askari wake, wakazichezesha uwanjani watu wakacheka. Watu hawa hawakusubiri warsha ili wajifunze kwamba kazi ya mikono yao ina la kusema.

Mfano mwingine ni kinyago ambacho nchi nzima inakifahamu, ule mti wa watu waliobebana, mmoja juu ya mwingine, mpaka juu kabisa. Leo tunakiita Ujamaa na kimesimama kwenye ofisi, mahotelini na kwenye balozi zetu. Sisi wachongaji tunamtaja Roberto Yakobo Sangwani kuwa ndiye aliyekianzisha, naye alitoka Msumbiji akaja kuishi Dar es Salaam miaka ya 1950. Siasa ya Ujamaa ilipokuja ilimkuta mchongaji ameshawabebanisha watu wake. Serikali haikumpa wazo, yeye ndiye aliyeipa serikali picha. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa vinyago vya mashetani vya Samaki Likankoa, kiumbe wa mguu mmoja, jicho limehama, tumbo limegeuka mdomo. Mnunuzi aliyezoea sanamu za wazee wenye mkongojo asingeweza kuviagiza, kwa kuwa havikuwamo kichwani mwake.

Nami ni shahidi wa kilichofuata. Ujamaa ulipopata jina na soko, tulianza kuuchonga kwa futi. Nilipofika mjini miaka ya 1980, mnunuzi alikuwa anataja urefu na idadi ya vichwa, basi. Tulichonga na tukala, na simlaumu mtu kwa kula. Lakini ukiviweka vinyago vile kando ya kazi za wazee unaiona tofauti bila kuambiwa. Katika zile za kwanza kila mtu ameshika mguu au kiuno cha mwenzake kwa sababu asiposhika ataanguka. Katika zetu walishikana kwa sababu ndivyo ilivyoagizwa.

Nataka niwakumbushe wasomaji watu wawili zaidi, kwa sababu mara nyingi tunazungumzia wasanii kana kwamba walishushwa kutoka juu wakiwa na vipaji vyao. George Lilanga, mtoto wa Kimakonde wa mkoani Lindi, aliajiriwa kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, miaka ya 1970, kabla kazi zake hazijaonekana, na mwaka 1978 zikaonyeshwa Washington, Marekani. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, naye alipita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na akafanya vibarua vya nyumbani kwa wazungu kabla ya kuanza, mwaka 1968, kupaka rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi. Aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakasajili chama chao cha ushirika, ambacho kipo Oysterbay hadi leo. Wote wawili walikuwa wafanyakazi wa kuamriwa, na kwenye gogo au kwenye hadibodi ndipo walipopata mahali ambapo amri haikufika. Sidhani kama ni bahati kwamba pale pale ndipo walipovumbua mambo ambayo dunia haikuwa nayo.

Sasa niwapeleke kwenye karakana ya leo, nisiitaje ni ya nani. Dalali amepata oda ya twiga mia nne wa urefu mmoja. Kijana mmoja anakata magogo kwa msumeno. Wa pili anatoa umbo. Wa tatu, ambaye mimi namjua kuwa ana mkono mzuri kuliko wa kwangu nilipokuwa na umri wake, anachonga masikio. Masikio tu, tangu asubuhi mpaka giza. Wengine wanapiga msasa, na wa mwisho anapaka kiwi nyeusi ili mti wowote uonekane mpingo. Malipo ni kwa kipande, na twiga aliyevunjika sikio anakatwa kwenye hesabu ya kijana. Nilipomtazama nilimwona baba akiwa na mundu mkononi. Tumelizunguka jengo lote na kurudi kwenye mlango uleule, ila safari hii mlangoni pameandikwa sanaa.

Kwa hiyo mwandishi wako anapomwambia kijana yule aache twiga aielimishe jamii, anamtwisha mzigo na kumwacha kwenye minyororo yake. Huyu hana nafasi ya kuamua sikio lielekee wapi. Ataielimisha vipi jamii?

Na upande wa pili wa jambo hili nimeuonja. Miaka kadhaa iliyopita asasi moja ilitukusanya kwa siku tano, na posho, fulana na chakula cha mchana, ili tuchonge vinyago vya kupinga ukatili wa kijinsia. Walikuja na michoro tayari. Mwanamke amepiga magoti, mwanaume ameinua ngumi, na chini pawe na maandishi. Tulichonga kama tulivyoagizwa, tukapiga picha ya pamoja. Waliotuita walikuwa watu wema, na ukatili ule upo, nimeuona kwa majirani. Lakini vinyago vilipowekwa sokoni kwa maonyesho, akina mama waliopita walivitazama kidogo, wakaendelea na safari zao. Kila anayepita alijua vimesema nini kabla hajavifikia. Twiga mia nne na ngumi iliyoinuliwa vilitoka mahali pamoja. Vyote viliamuliwa na mtu ambaye hakuwa na tezo mkononi.

Kisha binti yangu akaanza kuchonga. Hapa najua nitawakera baadhi ya wazee wenzangu, na nawaomba wanivumilie. Kwetu uchongaji ni kazi ya wanaume. Sura za mapiko zilikuwa siri ya jandoni, na mwanamke hakupaswa hata kuziona zikichongwa. Nilipompa binti patasi, wazee wawili walikuja kunionya kwa heshima, mmoja wao akiwa ndugu wa baba kabisa. Niliwasikiliza, nikawapa chai, na sikumnyang'anya binti patasi. Siri ya mapiko ibaki na wenyewe, siiuzi. Lakini moyo wa mpingo haujui nani ameushika.

Alichonga mti wa watu, na ndani yake hakuna mwanaume hata mmoja. Yumo muuza samaki na beseni lake, yumo msusi, yumo mwanafunzi aliyebeba mdogo wake, na chini kabisa, akiwashika wote, yumo mama lishe na sufuria. Hakuna aliyemwambia. Kinyago kilikuwa hakijapigwa hata msasa walipokuja akina mama wanaopika wali na maharage nyuma ya karakana zetu, wakakizunguka na ubishi ukaanza. Mmoja alikasirika. Kwa nini mama lishe awe chini? Mwingine akamwambia aliye chini ndiye asiyeweza kuondoka, akiondoka wote wanaanguka. Wa tatu akasema hiyo si sifa, hiyo ni adhabu. Walibishana mpaka wali wa mtu ukaungua. Mazungumzo yakahama, yakaingia kwenye ushuru wanaotozwa kila siku na choo ambacho hakina maji, na kufikia jioni walikuwa wamekubaliana nani wataongozana kwenda ofisi ya soko. Choo kimepata maji. Ushuru haujapungua, na wanaendelea kuudai.

Sisemi kinyago kilileta maji. Akina mama ndio waliokwenda. Nasema tu kwamba nimeiona tena cheko ya kambini, safari hii ikiwa na hasira ndani yake, na kwamba haikutokea pale penye maandishi ya kuelimisha.

Kwa hiyo, Mhariri, wakati watu wanajadili sanaa na mabadiliko, naomba waanze na mambo ya kazi. La kwanza ni mti wenyewe. Mpingo unahitaji miaka 70 na zaidi kukomaa, na sehemu kubwa ya mzuri inakwenda nje kutengeneza klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza. Sisi tunagombea masalia kwa bei ya mlanguzi. Lakini nchi hii inayo njia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kumiliki na kusimamia misitu yao, na mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC (Baraza la Usimamizi wa Misitu) kwa usimamizi wa msitu wao wa asili, ambao una mpingo. Wanakijiji ndio wanaoamua mti gani ukatwe, na fedha inabaki kijijini. Nauliza kwa nini vyama vya wachongaji wa Mwenge, Mtwara na kwingineko visiwekewe utaratibu wa kununua magogo moja kwa moja kutoka vijiji kama hivyo. Mchongaji anayejua gogo lake limetoka msitu gani hawezi kulichezea, na asiyemtegemea dalali kwa gogo anaweza kumkatalia dalali oda.

La pili ni jina. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inavilinda vinyago kama inavyolinda nyimbo, lakini nenda dukani leo ugeuze kinyago chini, utakuta bei, jina la mchongaji hulikuti. Wanamuziki wamepigania mirabaha yao mpaka taifa zima likawasikia. Sisi tumelala, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya nchi yetu, haiwezi kumlinda mtu asiyejulikana.

La tatu ni shule. Tumeambiwa mtaala mpya una mkondo wa amali, yaani wa kufundisha ufundi na kazi za mikono, na nimefurahi sana. Ombi langu ni kwamba uchongaji ukifundishwa, mtoto asipewe umbo la kunakili kisha akapimwa kwa kufanana nalo. Apewe gogo na muda wa kulitazama. Wapo wazee hapa Mwenge na Mtwara wanaoweza kufundisha hilo vizuri kuliko kitabu chochote, na wengi hawana cheti hata kimoja. Wakiachwa mpaka wapate vyeti, watazikwa nacho wanachokijua.

Na mwandishi wa makala ile namkaribisha Mwenge, bila kinyongo. Aje siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi, aulize karakana ya baba na binti, ataelekezwa. Yule kijana wa masikio ya twiga nimezungumza naye, na tangu mwezi uliopita anakuja kwangu Jumamosi jioni na gogo lake mwenyewe. Bado hajaligusa kwa tezo.

Mimi msomaji wenu,
Mchonga vinyago,
Mwenge, Dar es Salaam